Maneno ya Mwanamke wa Mlangoni

Habari kwamba mwenye banda la filamu anataka ukuta wake uchorwe zilimfikia msusi akiwa amemkalisha mteja katikati ya magoti, kitana mdomoni, na mwanzoni hazikumsumbua hata kidogo. Banda lilitazamana na kibaraza chake, njia tu katikati, na ule ukuta ulikuwa umechakaa kiasi kwamba rangi yoyote ingekuwa nafuu. Mwenye banda alikuwa ametangaza kwenye kipaza sauti kwamba Jumapili, baada ya onyesho la mchana, watazamaji wenyewe wangechagua filamu ya zamani wanayoipenda kuliko zote. Wangechagua kwa makofi. Itakayoshinda, fundi rangi angeichora ukutani, kuanzia msingi hadi kwenye bati.

Kilichomsumbua kilianzia midomoni mwa wateja. Msusi yeyote atakwambia: kichwa kikiinama, ulimi hulegea. Hakuna siri ya mtaa ule ambayo haikupita kwenye kile kibaraza ikiwa imesukwa nusu. Wanaume walisema wataipigia makofi ile ya treni. Wazee walitaka ile ya ndugu wawili waliogombea kisima. Majina halisi ya filamu hakuna aliyeyajua. Zilitoka ng'ambo na lugha zake, na mtaa uliziita kwa kile ulichokiona. Lakini wanawake, wote, kana kwamba wamekula njama, walikuwa na moja tu: ile ya mwanamke wa mlangoni.

"Si sura yake," alisema muuza mitumba, aliyekuja kusuka kila nywele zilipofumuka. "Wazuri kuliko yeye tunao humu humu mtaani. Ni maneno yake."

Sasa, maneno yale hayakuwa ya yule mwanamke. Yalikuwa ya mume wa msusi. Yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri wa banda, na watu walimwita Mdomo. Alikaa kwenye kigoda kirefu kando ya pazia jeupe, akapunguza sauti ya filamu, akashika kipaza sauti na kusema kwa niaba ya wote: majambazi kwa sauti nzito, watoto kwa sauti ya puani, wanawake kwa sauti nyembamba, hata mbwa akibweka alimsaidia. Lugha za ng'ambo hakuzijua hivyo, kweli isemwe. Alijua ya kuombea maji. Mengine aliyasoma usoni mwa watu na kujazia. Msusi hakuwahi kuliona hilo kuwa kosa. Uongo wa kazini ni uongo wa kazini. Hata fundi cherehani hukwambia nguo iko tayari kesho.

"Lakini yule anamjua," muuza mitumba aliendelea. "Usinichukie, dada yangu. Mume wako yule mwanamke anamjua. Vile havitungwi."

Msusi akakaza msuko hadi mteja akakunja uso, akauliza huyo mwanamke anasema nini hasa. Akaambiwa. Kwamba hamalizi chai, huacha funda moja kikombeni na kusema la mwisho ni la mwenye kikombe. Kwamba hugombana na masufuria kana kwamba ni mawifi zake. Kwamba akikasirika hachukui kitu akavunja; huchukua nguo zilizokwisha kukunjwa, akazikunjua, akazikunja upya.

"Mwanamke gani asiyemaliza chai?" alisema msusi. "Mchoyo hata wa tumbo lake." Akasogeza chini ya kigoda kikombe chake mwenyewe, na funda lake moja lililopoa, ili mteja asije akakipiga teke.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jioni ile msusi alianza kufukua. Akakumbuka kwamba miaka yote ile mumewe hakuwahi kumwambia hata mara moja, njoo uone ninavyofanya kazi. Alikuwa akijiambia ni kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya vichwa vingi kibarazani, na kwamba sauti ya mume nyumbani yamtosha mtu. Kutoka bandani kilichofika kibarazani kilikuwa mngurumo tu, usioshikika neno. Lakini ipo siku wateja walipokosekana, akajitanda mtandio na kutaka kumfuata, na Mdomo akamrudisha mlangoni. Leo ni vita tu, alimwambia, damu tupu, utakosa usingizi. Akabaki. Na watazamaji walipotoka, akiwa amekaa kwenye kibaraza chake, aliwaona wanawake wakifuta machozi kwa ncha za mitandio. Wanawake wa mtaa ule hawakuwahi kulilia vita hata siku moja. Wakati ule jambo lile alilimeza. Sasa lilirudi kooni.

Akaanza kumchunguza. Alinusa mashati yake kabla ya kuyaloweka, akapata harufu ya deki ya video iliyopata moto na karanga za watu. Alimsikiliza akinyoa ndevu uani, akipanga sauti, akisema jambo kwa kunong'ona kisha akinyamaza ghafla kila kandambili za mkewe zilipokaribia. Mtu anayejizoeza maneno ya kazi hana haja ya kunyamaza mkewe akifika, ndivyo alivyowaza, na wazo hilo likamkaa kama mwiba wa samaki.

Walipokuwa wakila akamwuliza, bila kuinua macho, yule mwanamke wa mlangoni ni nani.

"Wa filamu," alisema Mdomo.

Msusi akasema anajua kuwa ni wa filamu. Anauliza maneno yale ni ya nani. Mdomo akasema ni ya filamu pia. Kisha akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake, karibu kuliko mkono wake mwenyewe. Msusi akamsogezea, na usiku ule alilala akitazama ukuta, akiwapitia mmoja mmoja wanawake wote ambao mumewe aliwahi kuwapokea mzigo, kuwapisha njia au kucheka nao zaidi ya kiasi. Walikuwa wengi. Mdomo alikuwa mtu wa watu.

Hakukomea hapo. Mke wa mwenye banda alikuwa mteja wake, na kwa ahadi ya msuko mpya msusi akaazima kwake ile diski ya filamu yenyewe. Na mkalimani wa hospitali, dada mmoja mpole aliyeijua lugha ile kwelikweli, alikuwa na miadi ya kusuka. Msusi akawasha televisheni ndogo ya kibarazani, akageuza kichwa cha mkalimani kikaielekea, akamwomba amwambie neno kwa neno.

Mwanamke akatokea, mrembo, uso umekonda. Anasema mvua imechelewa mwaka huu, alieleza mkalimani. Sasa anauliza kama ng'ombe ameuzwa. Sasa anasema anaumwa na jino. Kikafika kipande cha mlangoni, mwanamke kafungua nusu, nje kasimama mwanamume mwenye kofia. Msusi akaacha kusuka.

"Anamwelekeza njia ya kwenda stesheni," alisema mkalimani.

Msusi akamwambia kwamba hapo ndipo watu wanapolia. Mkalimani akafikiri, akasema labda wanaijua hiyo stesheni.

Basi hapakuwa na neno la chai, wala la masufuria, wala la nguo za kukunjwa. Yote aliyatia Mdomo. Na mtu hawezi kumtoa mwanamke mzima hewani, na mazoea yake na hasira zake, kama hajakaa naye akamtazama. Kwa msusi kesi ilikuwa imekwisha; kilichobaki kilikuwa jina la mshitakiwa. Tena uso wake, au uso uliokopeshwa maneno yake, ulikuwa unakwenda kuchorwa ukutani, mkubwa kuliko nyumba, ukimtazama yeye kibarazani kila siku ya Mungu huku akisuka vichwa vya wanawake walioupigia makofi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba siku nyingine utalazimika kukitazama kimepakwa rangi.

Aliamua. Jumapili angekwenda bandani. Mwenye banda akishatangaza uchaguzi, kabla makofi hayajaanza, angesimama mbele ya watu wote na kumwuliza Mdomo amtaje mwenye maneno. Akimtaja, angefungasha na kwenda kwa dada yake. Akikataa kumtaja, angefungasha vilevile. Nguo zake alikuwa ameshazipanga sandukuni. Kila alipozipanga, alizikunjua na kuzikunja upya.

Jumapili akafunga kibaraza mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akajitanda mtandio hadi puani na kuingia bandani kupitia mlango wa nyuma. Akapata nafasi kwenye benchi la mwisho, kati ya muuza mitumba, ambaye hakumtambua, na mwanamke mmoja aliyekuwa akinyonyesha. Ndani kulikuwa na joto na giza. Mbele kabisa, mwanga wa pazia ulimpiga Mdomo upande mmoja wa uso. Msusi alimtazama kwa jicho la mtu anayemwona mwizi wake akiuza sokoni.

Filamu ikaanza. Mwanamke akachukua kikombe, akanywa, akakiweka. "Funda la mwisho ni la mwenye kikombe," Mdomo akasema kwa sauti nyembamba, na banda zima likasema pamoja naye, kama darasa. Watu wakacheka. Kwenye pazia mwanamke akabamiza sufuria. "Kaa hapo, na usinijibu," ikasema sauti nyembamba. "Nimekusugua tangu asubuhi, shukrani yako ndiyo hii?"

Msusi akageuza kichwa taratibu. Kauli ile alikuwa ameisikia mahali. Akajaribu kukumbuka ni nyumba gani, ni jikoni kwa nani, na jiko lililomjia akilini lilikuwa na dirisha lake mwenyewe na sufuria lake mwenyewe lenye mpini uliolegea. Akajiambia hapana. Kisha mwanamke wa filamu akachukua shati lililokwisha kukunjwa, akalikunjua, muuza mitumba akampiga kiwiko na kumnong'oneza, unamwona, kashakasirika huyo, na msusi akahisi masikio yanapata moto. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za msusi siku ile zilikuwa zimefumuka zote. Alikuwa ametafuta mwanamke mtaa mzima na hakutazama kwenye kioo. Akataka kucheka. Akataka pia kwenda mbele akamzabe mumewe kofi, taratibu, la mapenzi. Wiki nzima ya kunusa mashati!

Hapo ndipo kilipofika kipande cha mlangoni.

Mwanamke alifungua nusu. Mwenye kofia akasimama nje. Banda likanyamaza hadi mtoto akasikika akinyonya. Na Mdomo hakutumia tena sauti nyembamba. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya nyumbani, ya chini.

"Umechelewa. Wewe sikupendi tena. Na huyu aliyenioa, sitaki kukudanganya, bado sijampenda. Lakini nguo zake nimeshazianika kwenye kamba yangu, na mvua inakuja. Nenda."

Wanawake wakashusha pumzi. Muuza mitumba akaanza kulia kwa raha zake.

Maneno yale msusi aliyajua. Aliyasema yeye, neno kwa neno, mlangoni kwake, ndoa ikiwa bado changa. Kabla ya Mdomo kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyemwahidi ndoa, kisha akapotea bila salamu; msusi akamsubiri hadi watu wakachoka kumhurumia. Mdomo alipokuja kuposa, msusi alikubali kama mtu anayekubali kiti baada ya kusimama sana. Kisha alasiri moja, mawingu yametanda, dereva akabisha hodi. Msusi akamjibu vile, akafunga mlango, akauegemea kitambo, kisha akakimbilia uani kuanua nguo. Kamba ilikuwa tupu. Nguo zilikuwa kitandani, zimekunjwa, na Mdomo alikuwa uani akinawa miguu, akasema amefika sasa hivi. Msusi aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Siku zikapita, na kwa vile hakuulizwa lolote, mwisho akasahau hata kwamba aliwahi kusema.

Hasira ndiyo iliyotangulia. Amechukua maneno yangu mlangoni, aliwaza, akayauza kwa tiketi, mtaa mzima umeyala na mimi nawasuka. Lakini hasira ile haikukaa, maana nyuma yake lilikuja jambo zito zaidi. Yeye ameshuku kwa wiki moja, kwa jambo ambalo halikuwepo. Mwenzake alikuwa na jambo lenyewe mkononi, amelisikia kwa masikio yake, na amelala nalo kitanda kimoja hadi watoto wamekua na kuondoka. Msusi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani benchi limmeze.

Taa zikawashwa. Mwenye banda akatangaza uchaguzi. Ya treni ikapata makofi ya wanaume na miluzi. Ya kisima ikapata makofi ya heshima. Ilipotajwa ya mlangoni, bati la paa likatetemeka. Huu ndio wakati ambao msusi alikuwa amejipangia kusimama. Hakusimama, wala hakupiga makofi. Mtandio ulikuwa umemteleza, na katikati ya kelele zile Mdomo akamwona. Kipaza sauti kikashuka hadi magotini.

Watu walipokwisha kutoka, mwenye banda na fundi rangi walikuwa nje wakipima ukuta na kubishana juu ya ukubwa wa pua. Msusi akapita katikati ya mabenchi hadi mbele.

"Siku ile ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Uani. Naanua nguo."

Akamwuliza kwa nini hakusema. Mdomo akajibu kwamba hakuwa na la kusema; mkewe hakumkosea, mgeni alifukuzwa na mlango ulifungwa, mume gani ataleta kesi kwa hilo? Akamwuliza na chai je, na masufuria? Hayo, alisema Mdomo akitazama deki, aliyapenda tu. Asingeweza kumsimamisha mtu pale mlangoni bila mazoea yake.

"Mimi nimekushuku wiki moja," alisema msusi, "nimekonda. Wewe umelalaje miaka yote hii?"

Mdomo akafikiri. "Nilipoanza kuyasema humu, watu wakalia. Nikaona kumbe siko peke yangu. Nikawa nalala usiku wa Jumapili."

Msusi akakaa kwenye benchi la mbele. Nje, fundi rangi alisema pua ndogo haionekani kwa mbali. Msusi akamwambia mumewe aongeze maneno pale mlangoni. Mdomo, ambaye kazi yake aliiheshimu hata katika shida, akasema haiwezekani. Mwanamke hafungui tena kinywa. Anageuka, anafunga mlango, basi. Ukitia maneno kwenye mdomo uliofumba, watu wanakuzomea.

"Akigeuka anatupa mgongo," alisema msusi. "Mdomo wake nani anauona?"

Hilo lilimwingia. Akatazama pazia tupu kama fundi anayeoneshwa mlango alioupita kila siku. "Niweke nini?"

"Kwamba baadaye alimpenda. Si siku ile, wala mwaka ule. Lakini alimpenda, na anampenda sasa hivi."

Mdomo alizungusha waya wa kipaza sauti kidoleni. "Yale uliyasema hujui kama nasikia," alisema mwisho. "Haya unayasema ukinitazama usoni. Nitajuaje?"

Msusi alitaka kukasirika, akakosa pa kuiweka hasira. Angeweza kuapa, lakini kila mtu huapa. Hata dereva wa lori aliapa. Neno la mumewe lilikuwa la haki, na ndiyo maana lilimwuma.

"Hutajua," alisema. "Washa."

Mdomo akawasha, akatafuta kipande. Ile spika ya nje ya kuita watu ilikuwa bado haijazimwa, na mkono wake ukaenda kuizima, msusi akaushika. Mwanamke akafungua mlango nusu. Mdomo akasema maneno yake, polepole kuliko mchana, na nje ubishi wa pua ukakoma. Kisha akamsogezea mkewe kipaza sauti. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na kina joto la mkono. Msusi, anayeongea juu ya vichwa vya watu kutwa nzima, alifungua kinywa, akayapanga maneno, akayapangua, akayapanga upya. Kwenye pazia mgongo ukageuka, ukapita. Ikabaki njia ya vumbi na mwenye kofia akienda zake.

"Mlango umeshafungwa," alisema Mdomo.

"Rudisha nyuma," alisema msusi.

Akarudisha.